MSHAURI WA MWANACHUO ASIWE HAKIMU WAKE

Kila mwaka, muhula mpya ufikapo, vijana hushuka kutoka katika mabasi pale Korogwe, kila mmoja na godoro lake lililokunjwa likafungwa kamba, ndoo ya plastiki, na bahasha yenye barua ya kujiunga na chuo. Wengine wametoka Handeni, mwendo wa kilomita 65 tu za lami. Wengine wametoka Kigoma na Mara, nao hawajapata kuiona milima ya Usambara isipokuwa katika ramani. Chuo cha Ualimu huwapokea walio wake, na chuo cha uuguzi walio wake. Na kule Handeni, Chuo cha Maendeleo ya Wananchi nacho hufungua milango. Baba na mama zao ni wakulima wa mahindi na machungwa, wakata mkonge, makuli, walimu, mama lishe. Nasi tuwaonapo vijana hao wakibeba magodoro yao twafurahi, twasema taifa lajengwa. Leo twapenda kuuliza jambo ambalo halisemwi sana mikutanoni. Godoro likisha kutandikwa na taa ikazimwa, ni nani chuoni amwulizaye kijana huyo habari za moyo wake?

Wako wazee, tena wazee tunaowaheshimu, watakaoguna wasomapo maneno haya. Watasema: sisi tulisoma kwa kibatari, tukatembea kwa miguu, wala hapakuwa na mtu wa kutuuliza habari za moyo, vijana wa leo wamelelewa kama mayai. Twawajibu wazee wetu kwa adabu kwamba wamesahau. Mtu wa kuwauliza alikuwapo. Kwa Wazigua, ambao ukoo wao ulihesabiwa kwa upande wa mama, alikuwa mjomba, naye alikuwa na neno zito juu ya kijana kuliko baba mzazi. Kwa binti alikuwa shangazi au somo. Alikuwapo mtani, aliyeweza kumwambia mtu ukweli mchungu mbele ya watu, wote wakacheka, na ukweli ule ukaingia. Hawa hawakuitwa washauri wala wanasihi, wala hawakulipwa mshahara, lakini kazi waliifanya. Kijana apandapo basi kwenda chuoni huwaacha wote hawa nyuma, naye hubaki na simu. Na mazungumzo ya simu, kama kila mzazi ajuavyo, ni yale yale: "Shikamoo mama. Mimi sijambo. Masomo yanaendelea vizuri."

Watu wetu wanalo neno kwa hali hii. Husema, "Ana mawazo." Ni neno la adabu, nalo limefunika mambo mengi mno. Mwenye deni la ada ana mawazo. Aliyefiwa ana mawazo. Na yule ambaye kwa miezi mitatu hapati usingizi, halili, haogi, wala haoni sababu ya kuamka asubuhi, yeye pia husemwa kuwa ana mawazo tu. Wa kwanza ahitaji mtu wa kumsaidia kupanga mambo yake. Wa pili ahitaji wenzake na wakati. Wa tatu ahitaji mganga aliyesomea kazi hiyo. Mahali ambapo hapana mtu wa kuwatenga hawa watatu, wote huachwa wajipoze wenyewe, mpaka siku moja mmoja wao atakapopatikana hali mbaya, ndipo mkutano uitishwe.

Tutazame basi mawazo hayo yatoka wapi. Tumfikirie kijana mmoja. Ni kijana wa kutungwa, lakini twaamini kila mwalimu wa chuo atamtambua. Amemaliza kidato cha sita. Moyo wake ulitaka dawa na maabara. Alama zake zikamleta katika ualimu wa sayansi, na mjomba wake akakazia kwa kuwa amesikia kwamba walimu wa hisabati ndio wanaotafutwa. Baba ameuza mbuzi wawili na magunia ya mahindi. Siku ya kuondoka, ndugu walikutanika uani, wakamwombea dua, wakamwambia, "Wewe ndiwe taa yetu." Maneno mazuri sana hayo, lakini jaribu kuyabeba mgongoni ukiwa na miaka 19.

Jaribio la kwanza akapata alama 28. Alikuwa wa tatu shuleni kwake. Hapa ameketi kati ya watu ambao wote walikuwa wa tatu shuleni kwao. Hakumwambia mtu. Wanachuo wanayo maneno yao kwa mambo haya: mtihani wa kurudia huitwa "sapu", na kufukuzwa chuo kwa kushindwa masomo huitwa "kudisko". Twayaandika maneno hayo kama wanavyoyasema wenyewe kwa sababu ndani yake umo woga mkubwa uliovaa nguo za mzaha. Usiku katika bweni hucheka wakisema fulani ameonja sapu, fulani atadisko mwaka huu, na yule mwenye 28 yake hucheka pamoja nao, kisha hugeukia ukutani.

Baadaye ada ikapungua. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, ilikuwa ya wanafunzi wa shahada. Ni tangu mwaka wa masomo 2023/2024 ndipo ilipoanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada, nao ni wa fani zilizotajwa tu. Wengi wa vyuo vya kati bado wanaishi kwa mbuzi wa baba. Kijana wetu akaanza kukosa darasa, mara moja, mara tatu, kisha wiki nzima, akilala mchana na kukesha usiku. Wenzake wakanong'ona kwamba labda anakunywa. Mmoja, mwema kuliko wote, akasema amerogwa. Baba akapiga simu. "Masomo yanaendelea vizuri."

Msomaji atazame jinsi mambo yalivyofuatana. Lililotangulia lilikuwa la masomo, likafuatwa na la fedha, likafuatwa na la aibu. Ugonjwa, kama ni ugonjwa, ulikuja mwisho wa msafara. Na hili ndilo twataka lisikike: yale matatu ya mwanzo yalikuwa yameandikwa. Alama za jaribio zilikuwa mezani pa mwalimu wa somo. Deni la ada lilikuwa katika daftari la mhasibu. Siku alizokosa darasani zilikuwa katika kitabu cha mahudhurio. Habari zote za kijana huyu zilikuwa chuoni kwa wino, na hakuna mtu mmoja aliyezisoma pamoja.

Ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaotenga ushauri wa masomo upande huu na unasihi wa moyo upande ule, kana kwamba kichwa cha mwanachuo kina vyumba viwili visivyo na mlango kati yake. Kwa kijana wa namna hii, mshauri wa masomo ndiye awezaye kuwa wa kwanza kuona. Lau kungekuwa na mtu mmoja mwenye wanafunzi ishirini au thelathini wa kuwafuata, akapewa orodha ya alama katika wiki ya nne, akamwita huyu wa 28 na kumwambia, "Keti. Tuangalie karatasi hii pamoja," pengine mambo mengine yasingefuata. Angemwonyesha kwamba alama ya jaribio moja haimfukuzi mtu. Angemweleza taratibu za mtihani wa kurudia, ambazo wanachuo wengi huzijua kwa uvumi. Angemwuliza kama anataka kweli ualimu wa hisabati, na kama hataki, angemwambia mapema ni mlango gani wa kubadili fani ulio wazi na lini unafungwa. Mazungumzo hayo ni ya nusu saa, wala hayataki daktari.

Tena yafaa mshauri huyo awe mkweli juu ya kazi. Mwanachuo wa ualimu aona kaka na dada zake waliohitimu miaka iliyopita wakiwa bado nyumbani na vyeti vyao, wakingoja tangazo la ajira, wakiendesha bodaboda au kufundisha masomo ya ziada mitaani. Kumwambia kijana huyo "soma kwa bidii, kazi itapatikana" ni kumdharau. Heri aambiwe jinsi mambo yalivyo, na kile awezacho kufanya kwa elimu yake akiwa anangoja. Woga wa jambo linalojulikana hupungua. Woga wa jambo lililofichwa hukua gizani.

Sasa, watatuambia vyuo vinao walezi, na kila chuo kina mwalimu aliyepewa jukumu la ushauri na unasihi. Kweli wapo. Serikali yetu imelitaja jambo hili tangu miaka ya 1980, na mwaka 1996 msomi Biswalo alitoa kitabu kizima juu ya kazi ya ushauri na unasihi katika mazingira ya Kiafrika, kikapigwa chapa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo hatusemi kwamba jambo halijulikani. Twasema limepachikwa vibaya. Katika vyuo vingi mwalimu huyo ana vipindi vyake kamili vya kufundisha. Unasihi ni nyongeza, hauna saa katika ratiba wala chumba chenye mlango wa kufungwa. Na ubaya ulio mkubwa kuliko huo ni kwamba mara nyingi yeye yule ndiye akaaye katika kamati ya nidhamu. Asubuhi amwambia mwanachuo, "Njoo unieleze yote." Mchana aketi pamoja na wenzake kuamua kama mwanachuo yule arudishwe nyumbani. Ni kijana gani mwenye akili timamu atakayemfungulia moyo mtu wa namna hiyo? Binti aliyeshika mimba ataeleza? Aliyeanza kunywa pombe ili apate usingizi ataeleza? Watasema, "Mimi sijambo, mwalimu," na mwalimu ataandika katika taarifa yake kwamba wanafunzi hawana matatizo.

Sisi tuliosoma kwa wamisionari twakumbuka jambo moja. Mambo mengi ya shule zile tusingependa yarudi, na fimbo ni mojawapo. Lakini Kanisa Katoliki, ambalo lina uzoefu wa karne nyingi katika kulea vijana mabwenini, liliona hatari hii zamani, likaiandikia sheria. Kanuni ya 985 ya sheria yake ya mwaka 1983 yasema kwamba mlezi wa wanovisi na gambera wa seminari au wa taasisi nyingine ya elimu wasiwaungamishe wanafunzi wanaokaa nao nyumba moja, isipokuwa mwanafunzi mwenyewe aombe kwa hiari yake. Maana yake ni nyepesi: mwenye mamlaka ya kukufukuza asiwe ndiye anayesikiliza siri zako. Twaijua shule moja, ambayo haina haja ya kutajwa, ambako busara hiyo ilisahauliwa. Mwenzetu mmoja alimweleza mlezi wake kwamba usiku hulia bila kujua sababu. Juma lililofuata jambo hilo likatajwa mstarini, mbele ya shule nzima, kama mfano wa uvivu wa kiroho. Tangu siku ile hakuna mvulana aliyemweleza mtu yeyote jambo lolote. Miaka imepita, nasi tungali twaukumbuka uso wa yule mwenzetu akiwa amesimama juani.

Kwa hiyo la kwanza tunaloliomba halina gharama hata ya shilingi moja. Mwenye kazi ya unasihi atolewe katika kamati ya nidhamu, na tangazo hilo libandikwe ukutani ili kila mwanachuo alisome. Na yale anayoambiwa yawe siri, isipokuwa pale ambapo uhai wa mtu umo hatarini.

Je, akiwa mgonjwa kweli, aende wapi? Hapa watu wa Korogwe wana jibu ambalo wengi wao wenyewe hawalijui. Katika milima ya wilaya hiyo hiyo iko Hospitali ya Lutindi, iliyo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa katika utumwa; na mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, nayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya namna yake katika Afrika Mashariki. Wagonjwa wake hupewa dawa, na pia hupewa kazi za mikono na za shamba, kwa kuwa waliokuwa wakiiendesha waliona tangu zamani kwamba mtu aliyeketi bure haponi upesi. Basi kwa zaidi ya miaka mia moja elimu ya kuwatunza wenye maradhi ya akili imekaa juu ya mlima, na vyuo vyetu vimekaa bondeni, na njia kati yao hupandwa na wale tu waliokwisha kuharibika kabisa. Jina la Lutindi limekuwa tusi la mtaani: mtu akifanya jambo la ajabu, huambiwa apelekwe Lutindi. Mwanachuo asiyelala usingizi ataliombaje jina hilo kuwa msaada?

Jambo hili latushangaza zaidi tukumbukapo yale ambayo Korogwe imeyafanya kwa maradhi ya mwili. Mwaka 2009, chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilipoanza kujaribiwa kwa wingi, Korogwe ilikuwa mojawapo ya mahali 11 katika nchi 7 za Afrika palipochaguliwa. Akina mama wa vijiji vyetu waliwaleta watoto wao, watafiti wakahesabu kila homa, na mwaka 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni likaipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wa Afrika. Hivyo ndivyo tunavyoweza kufanya tunapoamua kwamba jambo fulani ni ugonjwa na kwamba ugonjwa huhesabiwa. Waganga wamekwisha kujua kwamba maradhi mengi ya akili huanza kati ya ujana na miaka 25, yaani umri ule ule ambao kijana yuko chuoni. Homa ya mtoto twaihesabu. Kukosa usingizi kwa mwanachuo twakuita mawazo.

Na sheria nayo itazamwe. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Waingereza, katika kifungu cha 217, imemhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Waingereza wenyewe waliifuta sheria ya namna hiyo kwao mwaka 1961, mwaka ule ule tuliopandisha bendera yetu, na sisi tukabaki na nguo waliyoivua. Majirani zetu wa Kenya wamekwisha kuligusa jambo hili: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kwamba kifungu kama hicho kinapingana na katiba yao. Hatuwafundishi wanasheria kazi yao. Twasema tu kwamba kijana aliyefika ukingoni, akijua kwamba akisema atapelekwa polisi kabla ya kupelekwa hospitali, hatasema. Naye ndiye tuliyetaka aseme kuliko wengine wote. Wasomaji wetu walio na kijana katika hali hiyo wasingoje sheria ibadilike: wampeleke hospitali leo, wasimwache peke yake, wala wasimkemee.

Watauliza wenye bajeti: wanasihi waliosomea watapatikana wapi, nao wataalamu wa akili nchini ni wachache? Swali ni la haki. Huko Harare, Zimbabwe, daktari wa maradhi ya akili Dixon Chibanda alilikabili mwaka 2006, naye hakuwa na fedha wala majengo. Akawachukua akina bibi, wafanyakazi wa afya wa mitaa, akawafundisha kusikiliza kwa utaratibu, na akaweka benchi la mbao nje ya kliniki. Mtu huketi na bibi, hueleza shida zake zote, kisha wawili hao huchagua moja ambayo yaweza kushughulikiwa wiki hii. Wiki inayofuata hurudi na kueleza ilivyokwenda. Jambo hilo lilipimwa katika kliniki 24 za mji huo, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kwamba walioketi katika benchi walipata nafuu kubwa kuliko waliohudumiwa kwa njia ya kawaida. Zanzibar nako benchi hilo limefika. Washona nao husema "kuwaza mno" kama sisi tusemavyo "mawazo", na Chibanda hakulidharau neno hilo, alianzia hapo.

Korogwe na Handeni hazikosi bibi na babu wa namna hiyo. Wapo walimu wastaafu waliofundisha miaka thelathini na zaidi, wapo wauguzi wastaafu, watu ambao wamewahi kumsikiliza mtoto wa mwenzao na hawana cheo cha kumtisha mwanachuo. Wafundishwe. Wauguzi wa Lutindi washuke mlimani mara moja kwa muhula kuwaelekeza ni dalili zipi zinazowazidi uwezo, na mgonjwa wa aina hiyo apelekwe kwanza Hospitali ya Magunga mjini Korogwe au ya wilaya kule Handeni, kisha mlimani ikihitajika. Hapa twaongeza neno juu ya Chuo cha Ualimu. Wanaosoma pale ndio watakaotumwa kesho katika shule za kata, na katika mwezi wao wa kwanza mkuu wa shule atawaambia, "Wewe kijana, ndiwe mwalimu wa unasihi." Mtu ambaye kwa miaka yake yote ya chuo hakuna aliyemsikiliza, atamsikilizaje mtoto wa kidato cha pili? Atafanya kama alivyofanyiwa. Shida ya chuo kimoja huenda hivyo mpaka katika madarasa mia.

Tusije tukadhani kwamba unasihi ni maneno matupu. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa mfano wa vyuo vya watu wazima vya Sweden, katika miaka hii vimekuwa na mpango uitwao Elimu Haina Mwisho, unaowarudisha wasichana waliokatizwa masomo, wengi wao kwa sababu ya uzazi, wakasoma sekondari pamoja na ufundi. Mpango huo ulianza kabla ya Novemba 2021, Serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua warudi katika shule za kawaida. Jambo tunalolipenda katika mpango huo ni kwamba umeweka mahali pa kuwatunza watoto wadogo ndani ya chuo. Unaweza kumwita binti ofisini mara kumi ukamwambia atulize akili. Lakini kama mtoto wake wa miezi minane amebaki kijijini na bibi mgonjwa, akili haitatulia. Mweke mtoto chumba cha pili, mama atasikia darasa. Akina dada wa Handeni wangeweza kuwafundisha wataalamu mengi juu ya unasihi, lau wangeulizwa.

Kizuizi kikubwa tunachokiona ni cha kiofisi. Chuo cha ualimu na chuo cha maendeleo viko chini ya Wizara ya Elimu. Chuo cha uuguzi kiko chini ya Wizara ya Afya. Hospitali na afisa ustawi wa jamii wako chini ya halmashauri. Lutindi iko chini ya kanisa. Namba ya simu ya bure 116 ni ya watoto, na mwanachuo wa miaka 20 amekwisha kuvuka umri. Kila mmoja akifanya kazi yake vizuri kabisa, kijana wetu wa 28 aweza kupita katikati yao wote bila kugusa hata mmoja. Hatuoni sababu ya kungoja kamati ya taifa. Wakuu wa vyuo hivi, mganga mkuu wa wilaya, afisa ustawi na mkuu wa Lutindi waweza kuketi siku moja Korogwe, na siku ya pili Handeni, wakaandika katika ukurasa mmoja nani humpeleka nani kwa nani, kwa simu ipi, na kwa nauli ya nani.

Vyama vya wafanyakazi navyo visikae pembeni. Mwalimu anayepewa unasihi juu ya vipindi vyake kamili ananyonywa, na mwanafunzi wake ananyonywa pamoja naye, maana hupewa mtu aliyechoka. Saa za kazi hiyo zihesabiwe kuwa saa za kazi. Sisi wazazi nasi tuna fungu letu. Tuwapigiapo simu vijana hawa, swali letu la kwanza huwa ni matokeo. La pili, matokeo. Na la tatu huwa ni kukumbusha mbuzi waliouzwa.

Mabaraza ya madiwani ya Korogwe na Handeni huketi kupitisha bajeti zao kabla mwaka wa fedha haujaanza mwezi Julai. Tutakapozipata bajeti hizo tutafungua kasma ya ustawi wa jamii, na tutatazama kama imo nauli ya muuguzi mmoja kushuka kutoka Lutindi mara moja kwa muhula, na benchi moja la mbao.